UZI: Ukichukua DJ, MC au bendi ya kueleweka kwenye harusi, hela yako inalipia nini hasa?

Mleta Uzi

Wakuu salaam. Kazi yangu mimi ni muziki wa sherehe, DJ pamoja na vyombo, na humu ndani kila baada ya muda nakutana na mtu kaandika "yani kubonyeza nyimbo masaa manne tu ndo anataka hela yote hiyo?" Sasa leo tuliongee hili maana naona watu wengi burudani wanaiweka mwisho kabisa, ukumbi ushalipwa, mapambo yashalipwa, nguo, picha, video, alafu kile kilichobaki ndo wanakitafutia DJ na MC. Na hao wawili ndo wanaoshika sherehe nzima kuanzia mgeni wa kwanza anakaa mpaka wa mwisho anaondoka.

Nianze na hayo masaa manne. Wewe unayaona manne kwa sababu ndo umekaa ukumbini. Sherehe ya jioni sisi tumeamka nayo asubuhi, kupakia gari, safari, kushusha, na kumbi nyingi stoo ya kushushia iko nyuma mbali na jukwaa kwa iyo kila kitu kinabebwa, spika ya besi haibebwi na mtu mmoja. Unapanga, unavuta nyaya, unazibandika tepu chini ili mtoto au mzee asijikwae, unapima sauti, unazunguka ukumbi mzima kusikiliza kona zote, alafu ndo unabadili nguo unakaa kusubiri maharusi ambao mara nyingi wanachelewa. Watu wakiondoka usiku nyie mnaenda kulala, sisi ndo tunaanza kufungua. Na hapo sijagusa siku za kabla, vikao na maharusi, ratiba inabadilika badilika, kutafuta nyimbo walizoomba kwenye ubora unaofaa (wimbo wa kurekodiwa kwa simu kutoka redioni hauchezwi kwenye spika kubwa, utasikika vibaya sana), kupata toleo lisilo na matusi kwa sababu bibi na babu wamekaa pale mbele.

Kingine ni akiba, na hapa ndo bei za watu wawili zinapotofautiana bila mteja kujua. DJ wa kueleweka anakuja na kompyuta mbili, nyimbo ziko kwenye diski yake sio za kuvuta mtandaoni, ana nyaya za ziada, betri mpya za maiki, spika ya ziada kwenye gari, na maiki ya waya. Hiyo maiki ya waya watu huwa wanaiona ya kizamani. Maiki ya waya ya SM58, ya kampuni ya Shure, iko sokoni tangu 1966 na mpaka leo mafundi wanaitembeza kwenye mabegi yao kwa sababu siku maiki isiyo na waya inaingiliwa na masafa mengine au betri inakufa katikati ya hotuba, unachomeka ile ya waya na mzee anaendelea kuongea. Yule wa bei ya chini hana hivyo vya akiba. Siku mambo yakienda sawa hutaona tofauti yoyote kati yao, na ndo maana watu wanadhani ni kitu kilekile.

Naomba maswali, nitajibu kila ninachokijua.

Mtarajiwa

Asante mkuu kwa uzi. Ila mimi nauliza kwa nia njema kabisa, mdogo wangu ana spika mbili kubwa na simu yenye nyimbo zote, anazicheza nyumbani na zinapiga vizuri tu. Wageni wetu sio wengi. Kwanini nisimtumie yeye nikaokoa hela nikaweka kwenye kuanza maisha?

Mleta Uzi

Ndugu hongera kwanza. Na swali lako ni la maana, hakuna anayekulazimisha. Kama ni watu wachache mnakula pamoja na muziki ni wa chinichini mtumie mdogo wako na mtafurahi. Lakini ikiwa kuna hotuba, kuna kuingia, kuna watu kucheza, nikuonyeshe kinachotokea.

Simu imeunganishwa na spika kwa Bluetooth. Mchana mmejaribu ukumbi ukiwa mtupu, inafanya kazi safi. Jioni watu wamejaa, wamesimama katikati ya simu na spika, na mwili wa binadamu una maji mengi unafyonza yale masafa, kwa iyo wimbo unaanza kukatika katika palepale maharusi wanapoingia. Mnasogeza simu karibu na spika, imetulia. Dakika mbili mbele anapiga mjomba aliyepotea njia, muziki unazima, ukumbi mzima unasikia mlio wa simu. Mdogo wako anakimbia, anakata, wimbo unaanza tena kuanzia mwanzo au hauanzi kabisa, na maharusi wako katikati ya ukumbi wamesimama hawajui watembee au wasubiri, na kamera zinarekodi. Hakuna mtu mbaya hapo, kijana kajitolea kwa moyo wake wote. Na kuna hili watu hawaliangaliagi, huyo mdogo wako naye ni ndugu wa harusi, siku hiyo angetakiwa awe kwenye picha, awe anacheza na wewe, sio yuko kwenye kona analinda simu.

Ukiamua kumtumia basi angalau simu iwekwe isipokee kitu chochote, nyimbo zishushwe kabisa, mtumie waya badala ya Bluetooth, na mkodishe maiki mbili nzuri na mtu mmoja anayejua miksa (ile mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti).

Fundi Mitambo

Mleta uzi umegusa ninapopapenda. Mimi ni fundi wa sauti naongezea la umeme maana hili ndo linaloua sherehe nyingi na wateja hawalijui kabisa. Ukumbini utakuta soketi za jukwaani zinatoka kwenye laini moja na zile za kupashia chakula moto, na vile vitu vya kupasha moto vinakula umeme mwingi kuliko spika zetu. Saa ya chakula vinawashwa vyote kwa pamoja, swichi kuu inaruka, ukumbi wote kimya. Fundi anayejua kazi anafika mapema anauliza laini zinakaaje, anatenganisha sauti, taa na jiko. Ekstensheni ya kuzungusha anaikunjua yote hata kama anahitaji mita tatu tu, kwa sababu waya ukibaki umejikunja kwenye gurudumu lake huku unapitisha umeme mwingi unapata joto mpaka unayeyuka. Miksa na kompyuta anaziweka kwenye betri ya dharura, maana miksa za kidijitali zikizimika zinachukua muda kuwaka upya, na huo muda ukiwa umesimama mbele ya watu wote ni mrefu sana. Amplifaya (mashine inayozipa spika nguvu) anaiwasha ya mwisho na kuizima ya kwanza ili spika zisipigwe na ule mshindo. Hivi vyote hakuna mgeni anayeviona, na ndo tunavyolipwa kwavyo.

Alafu ukumbi mtupu na ukumbi wenye watu ni vitu viwili tofauti. Watu na nguo zao wanafyonza sauti, hasa ile nyembamba, kwa iyo mlichopima mchana lazima kirekebishwe jioni watu wakishakaa. Kwenye sherehe ya nje ndo usiseme, hakuna kuta za kurudisha sauti, kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hivyo mtu wa meza za nyuma hasikii na wa mbele anaziba masikio. Dawa sio kuongeza sauti ya mbele, dawa ni kuweka spika nyingine katikati na kuzichelewesha kidogo, maana sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, spika ikiwa mita 30 nyuma ya ile ya mbele bila kucheleweshwa watu watasikia kila neno mara mbili. Sasa mteja anaona spika zimeongezeka kwenye bei anadhani anaibiwa.

Mleta Uzi

Fundi barikiwa sana. Wakuu hiyo aya ya pili isomeni tena kama sherehe yenu ni ya bustanini.

Bi Harusi Mtarajiwa

Habari zenu kaka zangu. Mimi na mwenzangu tunavutana, yeye anataka bendi, mimi nataka DJ. Bendi tuliyoulizia bei yake ni mara kadhaa ya DJ nikashtuka. Tofauti yote hiyo inatoka wapi na je inastahili?

Mleta Uzi

Dada hongera sana. Bei ya bendi, jambo kubwa ni vichwa. DJ ni mtu mmoja na msaidizi, bendi ni wapiga vyombo, waimbaji, fundi wao wa sauti, wabebaji, kila mmoja analipwa, anasafirishwa, anakula. Na kila chombo kinataka njia yake kwenye miksa, ngoma peke yake zinaweza kula maiki kadhaa, kila mwimbaji anataka spika yake ya kujisikia pale jukwaani. Wimbo wako wa kuingilia ukiwaomba wausome, wanakaa mazoezini kwa ajili ya wimbo ambao pengine hawataupiga tena popote, mazoezi nayo ni kazi.

Inastahili? Kwa mtazamo wangu inategemea ukumbi kabla ya kutegemea mfuko. Ngoma za kweli huwezi kuzipunguza sauti kama redio, mpigaji anapiga kwa nguvu zake, na ukiziweka kwenye ukumbi mdogo wenye sakafu ya vigae na kuta tupu watu watapiga kelele ili wasikilizane mezani na ndani ya saa moja wamechoka. Ukumbi mkubwa, jukwaa la kutosha, watu wenu ni wapenzi wa muziki wa kupigwa, bendi inaleta kitu ambacho mimi DJ siwezi kukileta, nasema hivi kwa moyo mweupe, mtu akikuimbia huku anakutazama usoni ni kitu kingine. Lakini bendi inapumzika katikati na ina nyimbo zake inazozijua, DJ hapumziki na anaweza kuruka toka wimbo wa wazazi wako walipokuwa vijana mpaka wa wiki iliyopita.

Njia ya katikati ambayo mimi naipenda ni wapigaji wawili watatu, gitaa, saksafoni, sauti, wakati wa kupokea wageni na wakati wa kula, alafu DJ anachukua usiku. Bei inashuka sana na mwenzio amepata muziki wake wa kupigwa.

Mshereheshaji

Naomba niseme la MC maana huyu ndo anapigiwa hesabu ya chini kuliko wote, watu wanasema "anaongea tu". Kaka yangu mwenye mdomo, rafiki mchekeshaji, anapewa maiki siku ya siku bila hata kuiona ratiba.

Kuongea ni sehemu ndogo ya kazi. MC mzuri wiki nzima kabla anapiga simu anauliza majina, hili jina linatamkwaje, huyu mama mzazi au mama mlezi, baba yupo au ametangulia, wazazi wanaongea au hawaongei wao kwa wao, nani asikae karibu na nani, nani akipewa maiki hairudishi. Jina la marehemu likitajwa kama mtu aliye hai mbele ya familia, hakuna muziki utakaorudisha ile furaha usiku ule. Siku yenyewe jicho lake moja liko jikoni, jingine kwa mpiga picha. Anajua chakula kimechelewa kabla wageni hawajajua, anaisogeza hotuba ya shangazi mbele, anamwashiria DJ ashushe muziki taratibu sio kuukata, na wageni hawajui kama kuna kitu kimebadilishwa.

Nitoe mfano wa kitu kidogo kabisa. Mzazi anasimama kuongea, ana hisia, ameshika maiki usawa wa tumbo. Hasikiki. Fundi anapandisha sauti, na mzee huku anaongea anasogea mbele ya spika, maiki inaanza kupiga mluzi ule wa kukata masikio. Mzee anashtuka, anaona aibu, anasema "basi mimi sina mengi" anakaa, maneno aliyoyabeba moyoni tangu mwanae azaliwe hayakusemwa. MC anayejua kazi, kabla hajamkabidhi maiki anamnong'oneza "mzee ishike karibu na kidevu, simama hapa", anamshika kiwiko taratibu anamweka nyuma ya mstari wa spika, kisha yeye anarudi pembeni. Sekunde tano tu hizo, mzee ameongea yote na watu wamelia machozi. Sasa niambieni hizo sekunde tano zina bei gani.

Mleta Uzi

Hapa umesema mkuu, hata mimi ambaye kazi yangu ni muziki nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kutopunguza kwenye harusi nitasema maiki na mtu anayejua kuziongoza. Nyimbo watu watasamehe, hotuba isiyosikika haisamehewi.

Mtarajiwa

Nimeelewa wakuu, mmenigeuza mawazo. Swali jingine, mbona sherehe nyingi nikienda muziki ni makelele mpaka siwezi kuongea na mtu wa pembeni? Ndo utaalamu huo?

Fundi Mitambo

Hapana, huo ni ukosefu wa utaalamu. Sauti kubwa na sauti nzuri ni vitu viwili. Taasisi ya Marekani ya usalama wa afya kazini, NIOSH, inashauri desibeli 85 zisizidi masaa 8 kwa siku, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu, piga hesabu utaona desibeli 100 ni dakika 15 tu. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2022 lilitoa mwongozo wa kumbi na matamasha kwamba wastani wa sauti, ukipimwa kwa kila dakika 15, usizidi desibeli 100. Sasa kuna harusi watoto wadogo wamekaa mbele ya spika usiku kucha, inaniuma sana. Fundi anayejali anazielekeza spika sehemu ya kuchezea, anaziinua juu ya vichwa vya watu, meza za wazee anazipanga mbali, na mwambie MC awaondoe watoto mbele ya spika bila kuona haya.

Mleta Uzi

Na wakati wa kula muziki uwe wa kumfanya mtu aongee na jirani yake bila kuinua sauti. DJ anayepiga kwa fujo watu wakila anawachosha kabla ya muda wa kucheza haujafika. Hapa ndo kile kitu cha kusoma watu kinapoingia. Naangalia miguu chini ya meza, nani anatikisa. Naangalia kina mama wakianza kuvua viatu virefu, hapo najua wako tayari. Sakafu ikijaa sio muda wa kuonyesha ufundi wangu, naikaza taratibu, mapigo yanapanda kidogo kidogo, na kabla hawajachoka naweka wa polepole wenye wake zao wacheze nao, wengine wakanywe maji wakirudi wana nguvu. Nikiona kundi la wazee wanachukua mikoba nawapa wao wimbo wao kwanza, wataucheza huo na wataondoka wanatabasamu. Orodha ya nyimbo iliyopangwa nyumbani haiwezi kuyaona haya.

Niweke na hili dogo, linanigusaga. Mwaka 1847 huko Paris mtunzi mmoja, Ernest Bourget, alikaa mgahawani akasikia muziki wake unapigwa, bili ilipokuja akagoma kulipa kinywaji, akasema nyie mnatumia muziki wangu bure nami nimetumia kinywaji chenu. Kesi akashinda, na kutokana na mambo hayo mwaka 1851 kikazaliwa SACEM, chama cha kukusanya haki za watunzi Ufaransa. Ile ni haki ya mtunzi sio malipo ya DJ, najua, lakini tabia ya kuona kinywaji kina bei na muziki hauna ni ya zamani sana.

Bi Harusi Mtarajiwa

Kaka, sasa sisi wenye bajeti ndogo kweli tufanyeje? Wapi tupunguze bila kuharibu? Na nitamjuaje mtu wa kueleweka, maana wapo wanaotoza kubwa na hawana kitu.

Mleta Uzi

Kweli dada, wapo, bei kubwa peke yake sio ushahidi. Kupunguza, anza na taa za mbwembwe, moshi na skrini kubwa, hivyo vinapendeza ila sherehe inaenda bila hivyo (na mashine ya moshi kumbi nyingine inaamsha kengele ya moto, ulizieni). Punguza masaa, sherehe ya masaa machache iliyokaza inazidi ndefu iliyolegea. Badili siku, katikati ya wiki au msimu usio na harusi nyingi watu wengi wanashuka bei wenyewe bila kuombwa sana. Chukua mtu mmoja mwenye DJ, vyombo na maiki pamoja badala ya watatu. Usimkate fundi, usikate maiki, usikate akiba. Na ukimwambia mtu bajeti yako halisi tangu mwanzo anakupangia kinachotosha, ukimvuta mpaka akubali bei inayomuumiza atakachofanya ni kuacha vyombo vya akiba nyumbani na kumtuma kijana anayejifunza.

Kumjua mtu, usiangalie kipande cha video kilichokatwa kikawekwa muziki juu, omba rekodi ya dakika kumi za sherehe ya kweli isiyohaririwa, usikilize hotuba zinasikikaje na toka wimbo mmoja kwenda mwingine anaendaje. Muulize umeme ukikatika unafanya nini, jibu lake litakwambia mengi. Muulize sakafu ikiwa tupu unafanya nini. Angalia kama na yeye anakuuliza maswali, ukumbi upi, wageni wangapi, wa umri gani, nyimbo zipi hamtaki kabisa. Anayetaja bei kabla ya kuuliza chochote mimi simwamini.

Bi Harusi Mtarajiwa

Tumepata mmoja ametuuliza karibu hayo yote, na anataka malipo ya awali nusu. Ni sawa?

Mleta Uzi

Nusu ni kawaida, maana tarehe yako akishaishika anawakataa wengine. Ila isiwe maneno matupu, muandikishane. Iandikwe tarehe, ukumbi, saa ya kufika sio saa ya kuanza tu, vyombo gani na idadi yake, maiki ngapi, mafundi wangapi na kama wanakula hapo, masaa mangapi na kila saa ikizidi ni kiasi gani ili usiku wa manane msibishane na mtu mwenye usingizi. Iandikwe mkiahirisha inakuwaje na yeye akishindwa kuja inakuwaje. Na muhimu kuliko yote iandikwe nani hasa atasimama pale mbele, kwa sababu unaweza kukubaliana na mtu mzuri alafu siku hiyo aje mwingine humjui, na kama ana dharura akuambie mapema nani anamshikia na umsikilize huyo kabla.